Barua Ndogo

Barua yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Iliniarifu kwamba nimeajiriwa kuwa mhandisi wa mtandao kwa mkataba wa miezi 12, chini ya mradi, katika ofisi ya serikali iliyo kwenye mji mmoja wa reli ya kati, na kwamba mkataba unaweza kuhuishwa kutegemea upatikanaji wa fedha. Nilikuwa na miaka 23. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza swali moja tu: "Ni serikalini?" Nikamjibu ndiyo. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, akaurudisha mfuko chini ya godoro.

Kwa mama, serikalini ni serikalini. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba kuna serikalini ya mlango wa mbele, yenye likizo, mkopo wa benki na kiinua mgongo, na kuna serikalini ya mlango wa nyuma, ambako wewe na kompyuta mpakato uliyokabidhiwa mnaandikwa kwenye fungu moja la fedha za mradi. Fedha zikiisha mnaondoka wote, tofauti ni kwamba kompyuta inatolewa kwa stakabadhi. Watu wa utumishi hawakujua wanihesabu wapi. Kwenye korido niliitwa "dada wa mtandao".

Kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Tulikuwa na majengo matatu, swichi tisa, ruta moja ya kutuunganisha na Mkongo wa Taifa, na kabati la vifaa katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Asubuhi nilianza kwa kupangusa vumbi. Masika adui alikuwa radi. Kiangazi alikuwa greda la barabara, maana likipita pasipotakiwa linakata faiba na mji mzima unarudi kwenye makaratasi. Panya walikuwa wa misimu yote. Mwezi Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, simu yangu haikulala, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi yanapita kwenye mifumo ya kompyuta, na laini ikikatika mhasibu anabaki kukunja mikono huku watu wamejaa kwenye benchi nje. Mtandao ukiwa mzima hakuna anayekukumbuka. Ukikatika, unaitwa korido nzima.

Siku ya kwanza nilipofungua lile kabati nilikuta miandiko mitatu. Mmoja ulikuwa wa herufi kubwa kwa kalamu nyekundu, juu ya vipande vya utepe wa karatasi. Wa pili ulikuwa mdogo, wa kulala, wa mtu aliyefundishwa na masista. Wa tatu ulikuwa na namba tupu. Hawa walikuwa watangulizi wangu, wote wa mkataba, na hakuna aliyekuwa amemkuta mwenzake. Kebo moja ya buluu ilikuwa na utepe ulioandikwa USIGUSE. Kwa nini isiguswe? Hakuna aliyejua. Nilikaa nayo miaka mitatu bila kuigusa.

Mwaka wa pili tuliletewa faiba ya kuunganisha jengo la hazina na jengo la masjala. Kati yake kuna uwanja wa zege wa kuegesha magari. Kuuvunja na kuujenga upya kulikuwa na bei ambayo bajeti yangu haikuifikia hata kwa mbali. Ndipo mlinzi mmoja akasema, kama anayezungumza na ukuta: "Mwiteni mzee wa simu."

Alikuja kwa bodaboda, amevaa koti la suti na kandambili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

Hakusubiri jibu. Alitembea mpaka kwenye mwembe ulio pembeni, akaugeuzia mgongo, akahesabu hatua kwa sauti ya chini, akasimama. "Hapa kuna chemba. Walimwagia zege juu." Tukagonga, na pakatoa sauti ya mvungu. Chini yake palikuwa na mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko bomba la nyaya lililotoka jengo moja hadi la pili, lina maji na waya mzee wa simu uliovishwa risasi. Tulivuta faiba yetu siku hiyohiyo.

Alikuwa ameanza kazi Shirika la Posta na Simu likiwa bado la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alibaki kwenye shirika la upande wetu, na shirika hilo nalo lilipogawanywa miaka ya 1990 akapunguzwa. Tangu hapo aliishi kwa kuitwa. Siku ile alilipwa kama kibarua: akatia sahihi kwenye hati ya malipo, akahesabu noti, akazipanga kwa ukubwa. Nilimuuliza michoro ya mabomba iko wapi. Akasema mingine ilikwenda Kampala, mingine Dar es Salaam, haikurudi hata mmoja.

"Sasa mzee, kwa nini wewe mwenyewe hukuiandika mahali?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Ningeandika, nani angeniita?"

Jibu hilo ndilo lililonitoa kwenye kabati la swichi likanipeleka Mlimani, kwenye shahada ya uzamili ya historia, jambo ambalo mama bado analieleza kwa majirani kwa taabu. Nilitaka kujua imekuwaje dola imiliki waya, ijenge mnara, iweke ulinzi getini, lakini habari ya waya wenyewe ikae kichwani mwa mtu wa kuitwa na kulipwa kwa siku.

Nilianza na maneno, maana ndiyo nyaraka zisizohitaji kibali. Simu ni neno la Kiajemi, sim, yaani fedha ile ya kung'aa, na pia waya. Kibarua ni barua ndogo. Zamani pwani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na jioni akakirudisha ili apate ujira wake. Taratibu jina la kikaratasi likahamia kwa mwenye kukishika. Na leo mtu akifukuzwa tunasema kibarua chake kimeota nyasi, hata kama alikuwa mkurugenzi.

Waya na kikaratasi vimetembea pamoja nchi hii. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifikisha Zanzibar waya wa chini ya bahari, uliokwenda Aden upande mmoja, Msumbiji na Durban upande mwingine. Mwaka 1890 ukavutwa wa kuiunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam kwa matumizi ya Wajerumani, kisha nguzo zikaanza kupanda bara. Watawala walijua thamani yake vizuri sana. Tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoipiga Dar es Salaam kwa mizinga, shabaha ilikuwa mnara wa simu ya upepo.

Lakini waliochimbia nguzo na kufyeka njia ya waya utawatafuta sana. Katika mafaili niliyosoma mpaka sasa, mhandisi Mzungu ana jina, cheo na tarehe ya likizo. Fundi wa laini ana idadi. Makarani walijitahidi kupata sauti: mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Hata hivyo ngazi zilibaki za rangi. Tume ya Holmes ilipochunguza utumishi wa serikali Afrika Mashariki, ripoti yake ya 1948 ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa cheo kilekile. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikashauri ngazi za rangi ziondolewe, ila mtaalamu wa kutoka nje aongezewe posho ya kumvutia aje. Rangi ikatolewa kwa mlango, pengo la malipo likaingia kwa dirisha.

Wa chini kabisa walikuwa na kipande. Kwenye mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya siku 30: ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, na zikitimia alama zote ndipo unalipwa. Bandarini Dar es Salaam hata hiyo ilikuwa anasa. Wapakuzi wengi walikuwa wa kutwa, kila asubuhi wanasubiri kuchaguliwa. Septemba 1947 waligoma. Mgomo ukaondoka bandarini, ukapanda reli, ukaingia bara. Nikisoma habari hizo huwa nafikiria ule mji wetu na ile stesheni yake. Wale watu walidai mshahara, naam, lakini walidai pia kutambuliwa kwamba kesho wapo.

Sasa nifike kwenye kompyuta, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ikaja nyingine kubwa zaidi ya Kiingereza, ya jamii ya ICL 1900. Shabaha ilikuwa hesabu za serikali. Mpango ulishindikana. Hesabu zilivurugika, fedha nyingi zilipotea, na wataalamu walioijua mashine walikuwa wageni wa mkataba. Mkataba ukiisha, mtu anapanda ndege na akili ya mashine anayo kichwani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ruhusa ikawa ya kibali maalumu, na marufuku haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nilipokuwa shahada ya kwanza tulisimuliwa jambo hili kama kichekesho. Darasa zima lilicheka, nami nikiwemo: nchi iliyoogopa kompyuta! Sicheki tena. Marufuku ilikuwa kosa, na ilitugharimu kizazi kizima cha mafundi ambao wangekuwa walimu wa walimu wangu. Lakini hofu iliyoizaa ilikuwa hofu ya mtu aliyeona kitu halisi. Waliona kwamba unaweza kuinunua mashine, ukaiweka katika jumba lako, ukaifungia kwa kufuli lako, na bado isiwe yako, kwa sababu anayejua kwa nini kebo fulani isiguswe yuko kwenye ndege. Kosa lilikuwa kufukuza mashine. Kilichotakiwa kubadilishwa ni ile barua ndogo.

Sitaki kusema hakuna kilichofanyika baadaye. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa, Wakala ya Serikali Mtandao ikaanza kazi mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Mifumo mingi siku hizi inaandikwa na vijana wa hapahapa, nami najivunia hilo bila aibu. Tatizo liko chini, kwenye kabati la wilaya na la mkoa, ambako mradi unafika na vifaa na watu wake, kisha vifaa vinabaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 14, wakati huo ilikuwa ikiruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Niliposoma mara ya kwanza nilifurahi kuitwa mtaalamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mfagizi wa ofisi yetu, kwa kuwa si mtaalamu, alikuwa na kinga ambayo mimi sikuwa nayo.

Na ajira ya kudumu nayo si Pepo. Mzee wa simu alikuwa wa kudumu. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa makubaliano ya 1984, chini ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, lakini wafanyakazi wake wa zamani hapa Tanzania walikuwa bado wanadai mafao miaka zaidi ya 20 baada ya Jumuiya kufa, wengine wakilala barabarani Dar es Salaam ili wasikike. Mzee alinionyesha siku moja faili lake la madai. Lilikuwa nene kuliko tasnifu yangu itakavyokuwa.

Mkataba wangu wa tatu ulikuwa uishe tarehe 30 Juni. Kuanzia Aprili mshahara ulikuwa haujaingia. Fedha za mradi zimekwama, tuliambiwa, vumilieni. Nilivumilia. Wiki ya pili ya Juni ikaja barua, fupi kuliko ya kwanza: mkataba hautahuishwa, na ninatakiwa kuandaa taarifa ya makabidhiano, ikiwa na nywila zote, anwani zote na michoro yote ya mtandao.

Nilikuwa na daftari. Kurasa zaidi ya 60, miaka mitatu ya usiku na Jumapili: kila tundu la swichi linakwenda meza gani, ruta ilipowaka moto nilirekebisha nini, fundi wa radi alifunga waya wa ardhini upande upi. Rafiki yangu tuliyesoma naye, naye wa mkataba katika ofisi nyingine, alinishauri kwa simu: "Usiwape. Wape nywila tu. Daftari kaa nalo. Baada ya wiki mbili watakupigia, na hapo utataja bei, na ile miezi mitatu watailipa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema alichosema mzee, kwa maneno ya umri wetu.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilimfikiria yule mgeni wa Wizara ya Fedha anayefunga sanduku lake, nikajiuliza kama naye alikuwa anadai. Nilifikiria benchi lile la nje siku laini ikikatika, na mjane mmoja aliyekuwa anafuatilia mirathi, ambaye kila akija alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, leo mtandao upo?" Asubuhi nikaanza kunakili. Siku nne. Nilichora kila jengo. Hata ile kebo ya buluu niliiandika: imekutwa hivi, sababu haijulikani, haijawahi kuguswa.

Nikafika kwenye bomba la uwanjani, nikakwama. Hatua nilizijua, nilikuwa nimezihesabu pamoja naye kimoyomoyo kutoka kwenye mwembe. Zilikuwa zinahitaji mstari mmoja. Yalikuwa maarifa ya serikali, kwenye ardhi ya serikali, kuhusu bomba la serikali. Na ndiyo pensheni pekee aliyokuwa nayo mtu ninayemwamkia. Mimi ni nani wa kuichukua na kuiweka kwenye jalada, tena bure? Kwa upande mwingine, mzee amepita 70. Kila hoja niliyoijenga hapo juu kuhusu 1974 ilikuwa inanishitaki.

Niliandika hivi: "Bomba la nyaya kati ya hazina na masjala lipo, ni zima. Mahali pa chemba: aulizwe fundi mstaafu wa simu, kwa malipo." Nikaweka namba yake. Ni ukurasa wa 41. Sina hakika kama nilifanya sawa, na tasnifu yangu inanirudisha palepale: nahoji mafundi wazee wa laini, wananieleza, nanasa sauti, na wapo wanaoniomba nizime kinasa sauti wanapofika kwenye mambo yanayowalisha. Nazima.

Daftari lilipokelewa kwa sahihi na muhuri. Miezi mitatu yangu sijalipwa mpaka ninapoandika.

Februari, niko maktaba, simu ikaita. Kijana mgeni, sauti ya haraka, alijitambulisha kuwa ndiye wa mtandao sasa hivi. Wa mkataba? Ndiyo dada, miezi sita. Nikamuuliza kama daftari langu analo. Analo, amelikuta kwenye droo, amelisoma lote. Shida ni kwamba faiba ya uwanjani imeliwa na panya, zege wanataka kulivunja kesho, na ile namba ya ukurasa wa 41 haipatikani.

Moyo ulinipasuka. Nilimwambia asubiri, nisimvunjie zege. Nikapiga namba ya mwanawe wa kike, ambayo mzee alinipa siku aliyonionyesha faili. Haikupokelewa. Nikatuma ujumbe. Nikarudi kukaa mbele ya ripoti ya Holmes bila kusoma hata neno, huku zile hatua zikijihesabu zenyewe kichwani, na kidole kikiwa juu ya namba ya yule kijana.

Saa kumi na moja jioni simu iliita.

"Mwanangu, hujambo? Nilibadilisha laini, ile ya zamani iliibiwa."

"Sijambo, shikamoo mzee. Umeongea nao?"

"Marahaba. Wamenipata kwa huyu binti. Kesho naenda." Akakohoa kidogo. "Nimewaambia bei imepanda."